Waya wa Klachi na Samaki Mwenye Meno ya Mbwa

Nimestaafu. Msicheke kwanza, nyinyi wa Gredi ya Tisa, hasa wewe unayekaa dirishani ukijifanya unasoma. Najua niko kidato cha tatu. Najua bado nafukuzwa foleni ya chakula kwa sababu ya kuchomoa shati. Najua pia kwamba watu wanaostaafu huwa na mvi, mbuzi wachache na redio. Lakini kazi ni kazi, na mtu aliyefanya kazi moja mpaka ikamshinda ana haki ya kukaa kwenye kiti cha plastiki, kunyoosha miguu na kuwasumbua vijana kwa hadithi.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua vifaa vya kuvulia samaki. Hapa Voi. Ndiyo, Voi hii hii, ambayo mto wake ni mchanga na ukitaka maji yake unachimba. Nilikuwa mtaalamu wa uvuvi katika mji ambao samaki hufika wakiwa wameshakaangwa.

Mkiniuliza nilielewa nini katika kazi hiyo, nitawajibu kwa heshima zote: kidogo sana. Mengine sijaelewa mpaka leo. Ndiyo maana naandika, labda kati yenu kuna mwenye akili atakayenieleza.

Mambo yalianza na mkono wa Anko Mwakio. Anko ni ndugu mdogo wa mama yangu, na tunaishi naye mlimani Sagalla, karibu na Voi, kwa Nyanya. Zamani alikuwa akikata mkonge. Kama hujawahi kukata mkonge, usitamani. Kila jani lina mwiba mweusi kwenye ncha, na Anko ana kovu kando ya jicho la kushoto linaloonyesha mwiba mmoja ulikosea njia kidogo tu. Mwishowe akapata kibarua kwenye kambi moja ya watalii pembezoni mwa mbuga, kuosha magari. Aliosha magari kwa furaha ambayo hujawahi kuiona.

Siku moja meneja wa kambi, Madam Mghoi, akawakusanya wafanyakazi. Akasema kambi inataka kuanza kupeleka wageni Ziwa Turkana kuvua samaki anayeitwa taigafishi. Inatafuta mtu wa kuongoza uvuvi. Nani hapa anajua kuvua?

"Mkono ulijiinua wenyewe," Anko alituambia jioni hiyo. "Mimi nilikuwa nauangalia tu."

"Na wewe unajua kuvua?" Nyanya akamuuliza.

"Nilivua kambare Ziwa Jipe nikiwa mtoto."

Masharti yalikuwa hivi. Anko achague vifaa vyote mwenyewe, aende na kundi la kwanza la wageni kama majaribio. Wageni wakirudi wameridhika, anaajiriwa kabisa, kiongozi wa uvuvi. Wasiporidhika, ataletwa mtu kutoka Nairobi, na kibarua cha kuosha magari kilikuwa kinaisha mwezi huo huo. Maana yake mkonge. Nyanya alitoka nje akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Hapo ndipo mimi nilipoajiriwa. "Mwadime," Anko akaniambia, "wewe una simu. Tafuta huyo samaki anataka nini."

Nikamtafuta. Vijana, kuna samaki ambao ukiwaona unafikiria ugali, na kuna huyu. Ni wa rangi ya fedha, ana mistari myeusi ubavuni, na meno yake yako nje hata akifunga mdomo, kama ya mbwa ambaye hajakusamehe. Nikamwonyesha Anko.

"Anakula nini?"

"Samaki wengine."

"Wadogo?"

"Hata wakubwa. Anawakata katikati."

Anko akairudisha simu polepole. "Yule kambare wa Jipe," akasema, "alikuwa mstaarabu sana."

Kisha nikaanza kutazama video, na hapo ndipo kichwa changu kilipopata ajali. Mzungu mmoja mwenye kofia pana alisema tumia ndoana kubwa. Mwingine, kofia yake kubwa zaidi, akasema ndoana ndogo ndiyo inayoingia kwenye mfupa. Mmoja alisema samaki akishika, vuta kwa nguvu zako zote. Mwingine akasema ukivuta kwa nguvu umempoteza. Wa tatu hakusema kitu, alikuwa akipiga kelele tu na samaki akiruka. Kila mmoja alionekana anajua, na huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe. Afadhali mmoja angekuwa mjinga waziwazi tukamweka kando. Bando likaisha kabla sijajua kama tunahitaji ndoana kubwa au ndogo, nikamwambia Anko tuchukue zote.

Tulikwenda Mombasa kununua, kwa pesa za kambi, kwenye duka la vifaa vya wavuvi wa baharini. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na sauti ya upole.

"Karibuni, wanangu. Mwataka kuvua nini?"

"Taigafishi," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea.

"Huyo yuko pande zipi? Lamu?"

"Hayuko baharini, mzee. Yuko Turkana."

Akafikiri. "Ana meno?"

"Anayo mpaka nje."

"Basi mhesabuni kama nguru. Nguru naye hukata." Mimi nilikuwa nimeshachagua fimbo ndefu kuliko zote dukani, maana niliona samaki mkali ni vizuri kumkaa mbali. Mzee akaichukua mkononi mwangu akairudisha ukutani. "Hii ni ya kusimama ufuoni, mwanangu. Nyinyi mtakuwa mashuani. Mtatoboana macho." Akatupa fupi, ngumu, zinazogawanyika vipande viwili. Hilo nililielewa, na ni katika machache ninayoweza kuwaachia kama urithi: chagua fimbo ukifikiria mtu aliyekaa karibu nawe.

Akatupa pia rili za kukunjia uzi, uzi wa kusuka, na vijiko. Kijiko hapa si cha chai. Ni kipande cha bati kinachong'aa kama samaki mdogo aliyeumia, kina ndoana ya meno matatu nyuma. Mzee akazikunja zile ndoana kidogo kwa vidole, zikafunguka. "Hizi laini. Toa, tia ngumu." Akatuuzia ngumu. Mwisho akatoa pakiti bapa. "Na hizi ni waya za mbele, za kufunga kati ya uzi na kijiko. Bila hizi, mwenye meno anakata anakwenda zake."

Anko akaurudisha mkono wake kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Waya sitaki, mzee."

"Kwa nini?"

"Nafanya kazi kando ya mbuga."

Mzee akanitazama mimi nimtafsirie. Sikuweza. Wewe msomaji wa huku unaelewa, lakini labda gazeti hili la shule litamfikia mtu wa mbali, kwa hivyo nieleze. Kwetu, waya mwembamba una kazi moja inayojulikana, nayo ni kutega digidigi. Mtu akipita mjini na panga hakuna anayemtazama. Akipita na waya mwembamba uliokunjwa, hata mchungaji anaanza kumwombea. Anko alikuwa na kazi ya kibarua, jina safi, na hakuwa na kitu kingine. Akachagua nailoni nene.

"Haya," mzee akasema akifunga mzigo. "Lakini hiyo ataila kama tambi."

Mnaona vile mambo yalivyokuwa? Tulikuwa na mtu anayejua, akatuambia, tukakataa kwa sababu nzuri kabisa. Mpaka leo sijui tulikosea wapi hapo.

Tulipofika nyumbani, neno tambi lilikuwa linanisumbua. Nikamwambia Anko tujaribu. Sagalla hakuna taigafishi, lakini kuna mbwa wa Nyanya, jina lake Chifu, na kwa meno hawajaachana sana. Tukafunga kipande cha utumbo kwenye nailoni, Chifu akashika, Anko akavuta. Chifu akatingisha kichwa mara moja. Nailoni kwisha. Tukaikunja maradufu. Kwisha. Anko akaingia ndani akatoka na kamba ya mkonge, kwa sababu mtu aliyekata mkonge anaamini hakuna kitu duniani kinachoushinda. Chifu aliitafuna akiwa amelala chini, taratibu, amefumba macho, kama bibi harusi anayekula keki.

"Huyu ni mbwa tu," nikasema. "Na hana hata njaa."

Nyanya alikuwa mlangoni. "Mnamlisha mbwa kamba yangu. Kesho mbuzi nitamfunga na nini, na simu?"

Safari ilikuwa Jumatatu. Siku ile ilikuwa Jumamosi, na kurudi Mombasa hakukuwezekana. Anko akakaa kwenye ngazi akiwa ameshika kile kipande kilichobaki cha kamba. Nilijua anafikiria nini. Alikuwa anagusa kovu lake.

"Anko," nikasema, "tutatumia waya. Lakini wa kwetu."

Aliyeutoa ni Kevo, dereva wa bodaboda, kijana ambaye baba yake alikuja Voi kutoka magharibi kufanya kazi ya reli na hakurudi. Kevo alikuwa amebadilisha waya wa klachi, na ule wa zamani bado ulikuwa chini ya kiti. Ukiufumua unapata nyuzi za chuma nyembamba, ngumu, zisizokatika hata kwa Chifu. Tulimjaribu. Aliuma, akashangaa, akatema, akatutazama kama watu tuliomvunjia urafiki.

Bado kulikuwa na swali moja: mwisho wa waya unafungwaje kitanzi? Chuma hakipigwi fundo kama kamba ya kiatu. Bando hatukuwa nalo. Tukaenda kwa jirani yetu, Babu Kilambo, ambaye ana mikono inayojua kila kitu na mdomo unaokana kila kitu.

"Babu, mtu akitaka kufunga kitanzi cha waya, anafungaje?"

"Mimi sijawahi kutega," akasema kabla sijamaliza.

"Ni ya samaki, Babu."

"Ya samaki sijui. Lakini kama kungekuwa na mtu, si mimi, na mtu huyo alikuwa anafunga waya zamani hizo, angefanya hivi." Vidole vyake vikazunguka haraka hata sikuona. Kitanzi kikatokea, kizuri, laini, kinateleza vizuri. "Halafu hivi." Kingine. "Sasa nendeni, na hamkunikuta."

Tukafunga vitanzi mpaka waya ukaisha, tukavipanga kwenye kopo la majani ya chai. Kazi safi. Nilijisifu njia nzima.

Nimeruka jambo moja na ni la maana, la breki. Rili ina breki, ndogo, ya kuzungusha kwa vidole, inayoamua samaki akikimbia uzi utoke kwa urahisi au kwa shida. Hapo ndipo wale Wazungu wa kofia walipogombana zaidi. Tukaamua kupima. Kevo akafunga uzi kwenye kerea ya pikipiki, akateremka mlima, nami nikasimama na fimbo. Mara ya kwanza breki ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Nilimfuata Kevo. Nilimfuata kwa miguu kwanza, kisha kwa tumbo, mpaka nikaingia kwenye ua wa miiba wa jirani nikiwa bado nimeshika fimbo, na watu wakidhani naombewa. Mara ya pili tukalegeza kabisa. Uzi ukatoka vizuri, rili ikaimba, tukafurahi, lakini Kevo hakurudi. Uzi ukaisha wote.

Anko akampigia simu. "Kevo, uko wapi?"

"Nimepata abiria! Nampeleka stesheni!"

"Na uzi wetu?"

"Uko nyuma. Abiria ameuliza ni wa nini, nimemwambia ni intaneti."

Kwa hivyo, vijana: breki ikaze kiasi kwamba samaki apate uzi akiwa amelalamika, vile mama anavyotoa hela ya chipsi. Anatoa, lakini unamsikia.

Jumapili Madam Mghoi alitaka kuona vifaa kabla ya safari. Kufika kambini lazima upite kizuizi cha mbuga, ambapo mizigo hukaguliwa. Zamu ile ilikuwa ya Afande Nekesa, mama mrefu wa Bungoma aliyemjua Anko kwa sababu alimpitisha hapo kila siku.

"Mwakio. Leo umebeba nini, bendera?"

"Ni za kuvulia samaki, Afande."

Afande akatazama kushoto, vumbi. Kulia, vumbi na swala mmoja. "Samaki wa wapi?"

"Turkana."

"Na Turkana mnapitia huku?"

Alikuwa anacheka. Kisha akafungua lile kopo.

Sijawahi kuona kicheko kikiondoka usoni kwa mtu namna ile. Alitoa kitanzi kimoja, akakiweka juu ya kiganja. Akatoa kingine. Akaingiza kidole gumba chake ndani, akavuta mwisho wa waya. Kitanzi kikateleza, kikabana, na ncha ya kidole ikawa zambarau.

"Mwakio," akasema taratibu. "Huyu samaki wako anaingiza shingo hapa, ama mguu?"

Mtu wa kibarua kando ya mbuga akiandikwa kwenye kitabu cha kizuizi kwa sababu ya mitego, hata gari la kuosha hapati tena, si hapa wala kambi nyingine yoyote. Kwa hivyo nikaona ni wakati wangu wa kuokoa jahazi.

"Afande, si mitego. Tulijaribu kwa mbwa."

"Mmetega mbwa?"

"Hapana, Afande. Mbwa alikuwa samaki."

"Mbwa alikuwa samaki."

"Ndiyo, na pikipiki pia ilikuwa samaki, lakini hiyo ilienda stesheni."

"Mwadime," Anko akasema, "nyamaza."

Afande akapiga simu kambini. Madam Mghoi akaja na gari, amevaa nguo za kanisani, akaangalia kopo, akamwangalia Anko. "Mwakio, nieleze."

"Ni za samaki, Madam. Samaki anakata nailoni, kwa hivyo anahitaji waya."

"Hilo naamini," Afande akadakia. "Lakini hivi vitanzi havijafungwa na mtu wa samaki. Hii ni mikono ya mtu wa kutega. Nani amewafundisha?"

Mimi na Anko tukatazamana. Jina la Babu Kilambo lilikuwa mdomoni mwangu, moto, nusu liko nje. Kulitaja ilikuwa rahisi. Afande angeandika jina lingine, sisi tungekwenda zetu, Anko angepanda gari la Turkana, na mzee mmoja Sagalla angegongewa mlango kwa mambo ya ujana wake.

"Nani, Mwakio?" Madam Mghoi akauliza.

"Nimejifunza mwenyewe," Anko akasema.

"Huwezi. Afande anasema ni kazi ya mazoea."

"Nimejifunza mwenyewe, Madam."

Madam alikaza macho. Niliona ile kazi ikiondoka, vijana. Niliiona kabisa, ikipita kwenye kile kizuizi na kwenda, na Anko amesimama tu, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya gwaride.

Afande Nekesa akakisugua kile kidole kilichobanwa na kitanzi. "Sikiliza," akasema. "Mtego unaua kwa sababu unateleza. Kama hii ni ya samaki, haina sababu ya kuteleza. Kaeni hapo chini. Mfungue vyote, mfunge upya, mbele yangu, visiteleze. Kimoja kikibana kidole changu, ni mtego, na nitauandika mtego."

Akaingia kibandani akaleta koleo.

Tukakaa chini kwenye changarawe, mbele ya meneja aliyevaa kofia ya kanisani, magari ya watalii yakipita na watu wakitupiga picha. Cha kwanza nilichofunga kilifunguka. Cha pili kiliteleza, Afande akakitupa kwenye boksi lake. Damu zikatoka vidoleni. Cha tatu alikiangalia, akachutama.

"Usizungushe mmoja juu ya mwenzake. Zungusha nyuzi zote mbili pamoja kwanza, zikumbatiane. Ndiyo. Sasa huo mkia uuzungushe kwa nje, ubane. Sisi ndivyo tunavyounga ua wa umeme wa kuzuia ndovu." Akaingiza kidole, akavuta mpaka uso ukakunjamana. Hakikubana. "Hiki ni cha samaki. Kingine."

Mpaka leo sijui kama siku ile tulikuwa tumekamatwa au tulikuwa kwenye kozi. Nimejaribu kumuuliza Afande, akaniambia nisogee, nazuia gari.

Tukiendelea kufunga, Madam Mghoi akainama akachukua kijiko kimoja. "Hizi ndoana mbona si zile za mwanzo? Zimebadilishwa."

"Za mwanzo ni laini, Madam," Anko akasema bila kuinua kichwa, koleo mkononi. "Huyu samaki mdomo wake ni mfupa mtupu. Ndoana laini itafunguka, au haitaingia. Tumetia ngumu, na tumezinoa kwa tupa. Ikikwaruza ukucha wako bila kuteleza, ni kali ya kutosha. Jaribu."

Madam akajaribu kwenye ukucha wake uliopakwa rangi. Ikakwaruza. Rangi ikatoka. Akaangalia kopo la vitanzi vilivyokuwa vimepita mtihani wa kidole, akasema, "Jumatatu gari linaondoka asubuhi. Usichelewe." Waya ulioharibika Afande aliuchukua wote.

Anko akaenda. Sisi tukabaki na Nyanya kusubiri simu. Ilipokuja, mawasiliano yalikuwa yanakatikakatika na upepo wa Turkana ulikuwa unapiga kelele kuliko yeye.

"Mwadime, wanatoka!"

"Nani?"

"Samaki! Anashika, anaruka juu, anatingisha kichwa, ndoana inatoka. Karibu wote wanatoka!"

"Waya unakatika?"

"Waya hata mmoja haujakatika. Samaki wanatoka tu. Na wageni wanacheka, Mwadime. Wanapoteza samaki na wanapigiana makofi. Sielewi hawa watu."

"Hamjapata hata mmoja?"

"Tumepata mmoja, mkubwa. Mama mmoja mgeni akamshika, akapigwa picha, akainama pembeni ya mashua, na samaki akamponyoka. Nikaruka majini kumfuata."

"Ukamshika?"

"Walinivuta wakanirudisha. Kumbe hakumponyoka. Amemwachilia. Makusudi!"

"Anko, Turkana si kuna mamba?"

"Hiyo waliniambia baadaye."

Aliporudi Sagalla hakuwa na hadithi. Samaki karibu wote wamepotea, mmoja aliyepatikana karudishwa ziwani, na kiongozi wa uvuvi karuka majini mbele ya wageni kama chura. Kesho yake Madam Mghoi alimwita ofisini. Kabla ya kwenda, Anko alitoa panga lake la mkonge chini ya kitanda, akakaa nje akilinoa, akapaka mafuta kwenye mpini.

Kuhusu mimi, kazi yangu iliisha siku hiyo hiyo, na niwaambie kabisa ili msinitafute: kambi sasa inaagiza waya za mbele zilizotengenezwa tayari, kwenye pakiti, zenye risiti, na Afande Nekesa anapewa barua kabla hazijafika. Mtu wa kufumua klachi hahitajiki. Sina kinyongo. Vidole vyangu vimepona na ndoana siwezi kuzisahau. Moja ilitoboa sweta langu la shule na bado ipo.

Anko alirudi adhuhuri. Alikuwa amevaa shati jipya la kambi, la kijani, mikunjo ya pakiti bado inaonekana kifuani. Akakaa. Nyanya akamkabili.

"Wamesemaje?"

"Wamenichukua. Kazi ya kudumu."

"Kwa nini?"

"Sijui, Mama. Wale wageni wameandika wanataka kurudi, na wanataka mimi."

"Mlipata samaki wangapi?"

"Mmoja."

"Mkamla?"

"Tukamrudisha."

Nyanya akalichukua lile panga lililonolewa, akalitazama makali yake, akanipa mimi. "Kakate nalo majani ya mbuzi. Huyu halihitaji."

Nikaondoka. Nilipokuwa napita nyuma ya jiko nilimsikia Nyanya akiuliza tena, polepole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi:

"Mwakio, mwanangu. Huyo samaki mliyemrudisha... alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa, Mama. Alikuwa amenona."